Maswali ya Jikoni: Sufuria Nzito, Kifuniko Bapa na Vyombo Vichache Vinavyotosha

Barua nyingi zilizonifikia safari hii zinauliza jambo moja kwa njia mbalimbali: mtu mwenye jiko dogo, fedha za wastani na nafasi finyu ya kuwekea vyombo anunue nini ili aweze kupika karibu kila kitu kinachopikwa katika nyumba zetu. Nimechagua sita kati ya hizo, nikazifupisha pale zilipokuwa ndefu.

Asalamu alaykum Bi Mwandishi, na shikamoo. Nimeolewa karibuni na tumepanga chumba kimoja na ukumbi. Nina mtungi mdogo wa gesi wenye jiko la moto mmoja, na seredani ya mkaa. Sikutunzwa vyombo vingi siku ya harusi, na mume wangu amenipa fedha za kununulia vya kuanzia. Dukani naonyeshwa seti ya sufuria saba zinazoingiana, nyepesi na zinazong'aa, kwa bei ambayo ningepata sufuria mbili tu zilizo nzito. Ninunue zipi?
Msomaji, Mwanakwerekwe, Unguja

Jibu: Waalaykumu salamu mwanangu, na marahaba. Mwenyezi Mungu aitie baraka nyumba yenu. Nunua zile mbili nzito, na hiyo seti ya saba iache dukani.

Sababu iko katika namna joto linavyotembea. Alumini hupitisha joto haraka sana, zaidi ya mara 10 kuliko stenlesi, lakini joto hilo linahitaji unene wa kitako ili lipate kusambaa pembeni kabla halijapanda kwenye chakula. Sufuria nyembamba ikitelekwa kwenye gesi, joto hupenya pale pale ulipo mwali, na ndiyo maana wali wa nazi huungua duara katikati hali punje za pembeni zingali mbichi. Tui nalo huongeza taabu, kwa kuwa uzito wake hutua chini na kushika upesi. Ukoko mwembamba wa rangi ya dhahabu unapendwa na wengi, na watoto huugombania, lakini ukoko mweusi unaonukisha sufuria nzima ni hasara ya mchele, nazi na gesi kwa pamoja. Sufuria nzito huchelewa kidogo kupata moto, kisha hukaa na joto lake, na ukishapunguza gesi wali huendelea kuiva taratibu bila ya kukushughulisha.

Kuhusu ukubwa, pima kwa mchele. Kilo moja ya mchele mkavu huchukua nafasi ya lita 1 na ushei, na ukiiva hufura takriban mara tatu. Kwa hiyo, ili siku ya wageni uweze kupika kilo nzima na mwiko upate pa kugeuzia, sufuria kubwa iwe ya lita 5 hivi. Ya pili iwe ya lita 2 hadi 3, kwa ajili ya mchuzi, chooko, uji na chai. Ukiwa na jiko la moto mmoja na seredani, sufuria ya tatu haitakuwa na pa kutelekwa, na hilo peke yake linatosha kukuonyesha kwamba zile saba zingeishia kukaa juu ya kabati.

Kabla ya kulipa, ichunguze sufuria kwa mikono yako. Iweke juu ya sakafu iliyo sawa, kisha ubonyeze ukingo wake kwa kidole upande mmoja, halafu upande wa pili. Ikiyumba, kitako chake si bapa na haitakaa vizuri jikoni. Ubonyeze ubavu kwa kidole gumba, na ukiona unaingia ndani, irudishe. Halafu chukua kifuniko, kiweke mahali pake na ukizungushe mduara mzima huku ukitazama kama pana upenyo. Usione haya kufanya hivyo mbele ya mwenye duka, kwani muuzaji mwenye bidhaa nzuri hufurahi kuona zinachunguzwa.

Hicho kifuniko nakisisitiza kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu ndicho kinachoiwezesha sufuria moja kufanya kazi za vyombo vingi. Kikifunika barabara, mvuke haupotei, maji machache hutosha na moto mdogo hutosha. Kikiwa bapa na kizito, chenye ukingo ulioinuka kidogo, utaweza kupalia makaa juu yake na sufuria ikawa tanuri. Tazama na kishikio chake: kiwe cha chuma au cha alumini, maana cha plastiki kitayeyuka siku ya kwanza kitakapokutana na kaa la moto. Vifuniko vya kioo vinafaa kwa kutazamia chakula, lakini kazi ya kupalia makaa haviiwezi, na vikipasuka hupasuka juu ya chakula chako.

Lipo jambo la tahadhari ambalo sina budi kulitaja. Sufuria nzito zinazouzwa madukani ni za aina mbili: zilizotengenezwa kiwandani, na zilizomiminwa na mafundi kutokana na vyuma chakavu. Ninaiheshimu sana kazi ya mikono, lakini ndani ya chakavu huingia vipande vya injini na vya vifaa vya umeme, na uchunguzi uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu sufuria za aina hiyo kutoka Kamerun ulionyesha kwamba zinaweza kutoa madini ya risasi na kuyaingiza kwenye chakula. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Wewe ni bibi harusi, na inshallah nyumba itapata watoto. Kwa hiyo uliza sufuria imetoka wapi, na ukikosa jibu la kueleweka, chagua nyingine.

Fedha zitakazobaki, nunua chuma cha chapati kilicho kizito, chenye upana wa kuzidi mdomo wa sufuria yako kubwa. Hiki ni chombo ambacho wengi wanakitumia theluthi moja tu ya uwezo wake. Kazi yake ya kwanza unaijua. Ya pili ni kukiweka juu ya mwali wa gesi na kuteleka sufuria juu yake, ili moto wa gesi uwe mpana na wa upole kama wa mkaa unaokaribia kuwa jivu. Wali wa nazi, bokoboko na maziwa humalizwa vizuri sana kwa njia hiyo. Ya tatu ni kukifanya kifuniko cha makaa pale kifuniko cha sufuria kinapokuwa chepesi au kimepinda.

Baada ya hapo tafuta karai moja la chuma lenye masikio mawili. Kwa kuwa ndani ni la mviringo, mafuta hukusanyika katikati, na kwa hiyo utakaangia kaimati, bajia, katlesi au samaki kwa mafuta machache kuliko ambayo ungetia kwenye kikaango bapa. Hilo katika mwezi wa Ramadhani si jambo dogo. Karai hilo hilo linakaangia njugu, linakaushia ufuta, linapikia mboga ya majani kwa dakika chache. Kwa ajili ya gesi, chagua lenye kitako kilichosawazishwa kidogo, maana karai la duara kamili lenye mafuta ya moto halina usalama juu ya jiko la mtungi. Juu ya seredani hukaa imara.

Vilivyobaki ni vidogo: mwiko, upawa, kisu kizuri, na chujio la bati pana linaloweza kukaa kwenye mdomo wa sufuria kubwa, ili mbatata, ndizi au kipande cha samaki kiive kwa mvuke juu wakati maharage yanachemka chini.

Mwanangu, asalamu alaykum. Mimi ni mtu mzima. Wajukuu wamenivunjia chungu changu cha mchuzi, na mwanangu aliye Unguja akaniletea sufuria za alumini. Tangu hapo mchuzi wangu wa samaki wa ukwaju nikiulaza huamka na ladha ya chuma, na sufuria hung'aa ndani pale ulipofika mchuzi. Je, una madhara? Na chungu kipya nikikipata, kitastahimili gesi?
Bibi, Wete, Pemba

Jibu: Waalaykumu salamu bibi yangu, na shikamoo. Uliyoyaona ni sahihi kabisa. Alumini hujifunika yenyewe kwa utando mwembamba sana unaotokana na hewa, na utando huo ndio unaoikinga isiliwe na chakula. Ukwaju, ndimu, embe mbichi, siki na tungule zina ukali unaouyeyusha utando huo, na kadiri chakula kinavyokaa ndivyo alumini inavyozidi kuingia ndani yake. Kule kung'aa ulikokuona ni alama ya mahali ambapo utando umeondoka.

Kuhusu madhara, mtu mwenye afya hutoa sehemu kubwa ya alumini anayokula bila ya kuihifadhi mwilini. Kamati ya pamoja ya wataalamu wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) na Shirika la Afya Duniani iliweka mwaka 2011 kiwango cha miligramu 2 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa wiki, kikijumlisha kila njia ambayo alumini huingilia kwenye chakula, kwa maana kwamba mtu wa kilo 60 asizidishe miligramu 120 kwa wiki. Kupika mchuzi wa ukwaju kwa nusu saa na kuupakua mara moja si jambo la kukutia hofu, bali kuulaza humo usiku kucha ndiko kunakostahili kuachwa, na mwenye maradhi ya figo awe mwangalifu zaidi, kwa sababu figo ndizo zinazoitoa alumini mwilini. Ukishaepua, uhamishie kwenye bakuli la kauri au la kioo. Kama kuna weusi ndani ya sufuria kwa sababu ya kuchemshia maji ya kisima, huo hauna ubaya wowote, na hakuna haja ya kuisugua kwa mchanga mpaka iwe nyeupe, kwani kila unapoisugua hivyo unauondoa ule utando wa kinga na kuipunguza sufuria yenyewe.

Lakini kwa mchuzi wa ukwaju, bibi yangu, mimi nasema rudi kwenye chungu. Udongo uliochomwa usiopakwa rangi wala vanishi hauliwi na ukwaju, hupokea joto polepole na hulishikilia, na mchuzi ulioepuliwa huendelea kuchemka kwa dakika kadhaa baada ya kutoka motoni. Sikubaliani na wanaosema kwamba chungu ni chombo cha zamani kisicho na nafasi katika jiko la sasa. Kwa vyakula vyenye ukali na kwa vile vya kupikwa pole pole, sijaona chombo cha bei nafuu kinachokishinda.

Chungu kipya kiloweke kwenye maji siku nzima, kisha kichemshie maji ya mchele au uji mwepesi kwa moto mdogo na uache upoe humo humo, ili wanga uingie kwenye vitundu vya udongo na kuviziba. Juu ya gesi kitastahimili kwa masharti mawili. La kwanza, kiweke juu ya chuma cha chapati, usikiweke juu ya mwali mtupu, maana mwali hupiga mahali pamoja na udongo hupasuka pale sehemu moja inapotanuka kuliko jirani yake. La pili, anza na moto mdogo hali chungu kina kitu ndani, na uongeze kidogo kidogo. Ukikiepua, kiweke juu ya kata ya kitambaa au ya majani makavu, usikiweke sakafuni penye maji. Kukiosha, tumia maji ya moto na makumbi ya nazi. Sabuni huingia kwenye vitundu na utaikuta kwenye mchuzi wa kesho.

Asalamu alaykum. Mimi ni kijana, mwalimu wa skuli, nimehamishiwa huku na naishi peke yangu. Ninaporudi saa tisa nina njaa, na maharage yanataka saa nzima au zaidi. Rafiki yangu anasema ninunue sufuria ya presha, lakini mama yangu anaiogopa kwa kuwa aliwahi kusikia imeripuka kwa jirani. Ushauri wako ni upi?
Mwalimu, Micheweni, Pemba

Jibu: Waalaykumu salamu, mwalimu. Kwa hali yako, sufuria ya presha ya kuteleka jikoni ndicho chombo cha kwanza ninachokushauri, hata kabla ya sufuria ya kawaida, kwa sababu ukiitoa presha na kuweka kifuniko cha kawaida unabaki na sufuria nzito ya kupikia wali, mchuzi na chai.

Maji katika sufuria ya wazi hayapiti nyuzi joto 100 hata ukiongeza moto namna gani. Mvuke ukifungiwa, maji hupanda mpaka karibu nyuzi 120, na tofauti hiyo ndiyo inayolainisha maharage yaliyolowekwa usiku kwa robo saa hivi tangu presha ianze kupiga. Pweza, ambaye kwa njia ya kawaida hukutaabisha, hulainika kwa dakika 20 hivi, na supu ya kongoro humalizika kwa sehemu ndogo ya mkaa ambao ungeutumia.

Hofu ya mama ina msingi, kwa hiyo mweleze unavyojikinga. Usijaze kupita theluthi mbili ya sufuria, na kwa maharage, mbaazi, chooko na mchele usipite nusu, kwa kuwa povu na maganda yake ndiyo yanayoziba tundu la mvuke. Kila kabla ya kuteleka, kitazame kile kitundu mbele ya mwanga kuhakikisha kwamba kinapitisha hewa. Mpira wa kifuniko ukiwa mgumu au umepasuka, ubadilishe. Ukishaepua, ngoja mpaka presha ishuke yenyewe na kifuniko kifunguke bila ya kulazimishwa. Ajali nyingi ninazozisikia hutokea pale mtu anapofungua kwa nguvu kwa sababu ya haraka. Na ununuapo, chagua ile ambayo duka linauza na mipira yake ya akiba, kwani kuitafuta Micheweni baadaye kutakugharimu safari ya Wete au Chake Chake.

Maharage mekundu yakipikwa kwa njia yoyote isiyo ya presha, yachemke kwa nguvu kwa muda usiopungua dakika 10 kabla ya kupunguza moto. Ndani yake mna sumu ya asili inayoharibiwa na mchemko, wala haiharibiwi na uvuguvugu.

Bi Mwandishi, nimeletewa zawadi ya kikaango cha nonstiki. Nimejaribu kuchomea mkate wa ufuta juu ya seredani: kila nikikigeuza kielekee makaa ili juu paive, mkate unaniangukia motoni. Tena kimeanza kunuka na kubabuka. Tatizo ni langu au ni la kikaango?
Mama wa nyumbani, Makunduchi, Unguja

Jibu: Dada yangu, tatizo ni kwamba kikaango hicho hakikutengenezwa kwa kazi hiyo. Mkate wa ufuta unategemea kushika: unga uliolainishwa kwa tui hutandazwa kwenye chuma au waya wa udongo (yaani kikaango cha udongo) usiopakwa mafuta, sehemu ya chini hushikana na chombo, na ndiyo maana mtu huweza kukipindua chombo juu ya makaa na mkate ukabaki mahali pake mpaka ufuta ubadilike rangi. Kikaango kilichopakwa dawa ya kuzuia chakula kisishike kitauachia mkate bila shaka yoyote.

Ile harufu uichukulie kwa uzito. Dawa inayopakwa kwenye vikaango hivyo huanza kuharibika pale joto linapovuka nyuzi 260 hivi, na makaa yanayowaka ni ya moto zaidi ya hapo kwa mbali. Kikaango kilicho tupu juu ya moto mkali hufika kiwango hicho kwa dakika chache tu. Kikishababuka, usikipikie tena. Kikiwa kizima, kiweke kwa mayai na chila juu ya gesi ya wastani, na kwa mwiko wa mti.

Kwa mkate wa ufuta tafuta waya wa udongo au kikaango cha chuma kizito chenye mkono mrefu. Chuma kipya kioshe, kikaushe juu ya moto, kisha ukipake mafuta membamba na kukichoma mpaka yakauke na kuwa rangi nyeusi, na ufanye hivyo mara tatu au nne. Hewa yetu ya bahari ina chumvi na hukipandisha kutu chuma kilichoachwa na maji hata kwa usiku mmoja. Kwa hiyo kila ukikiosha, kirudishe motoni kidogo mpaka kikauke kabisa. Chombo cha chuma kina faida nyingine ambayo ningependa kina mama waijue: huongeza madini ya chuma kwenye chakula, hasa kilicho na majimaji, na madini hayo yanahitajika sana kwa wajawazito na kwa watoto wenye upungufu wa damu.

Asalamu alaykum Bi Mwandishi. Nataka kuanza kuuza mkate wa mayai na mkate wa kumimina kwa majirani, lakini sina ovuni wala uwezo wa kuinunua. Nina sufuria mbili, seredani na jiko la gesi. Inawezekana?
Mama mjasiriamali, Chake Chake, Pemba

Jibu: Waalaykumu salamu. Inawezekana, na mikate mizuri kabisa imekuwa ikitoka kwenye sufuria zetu kwa moto wa juu na chini tangu kabla ya ovuni kufika visiwani. Unachohitaji ni kuelewa makaa yakae wapi.

Kosa linaloharibu mikate mingi ni kuweka moto mkubwa chini. Kitako cha mkate kimegusana na sufuria, kwa hiyo hupata joto moja kwa moja, wakati juu ya mkate kuna hewa tupu ambayo ni lazima ipashwe moto kwanza. Gawa makaa yako mafungu matatu: fungu moja lililokwisha kushika jivu jeupe libaki ndani ya seredani, na mafungu mawili yakae juu ya kifuniko. Yapange juu ya kifuniko kwa mduara, yawe mengi pembezoni na machache katikati, maana katikati ndipo panapowahi kuungua.

Kwa mkate wa mayai, piga mayai 8 pamoja na robo kilo ya sukari mpaka yawe meupe na mazito kiasi kwamba ukiinua mchapo, uzi wake unakaa juu kidogo kabla ya kuzama. Changanya robo kilo ya unga wa ngano uliochekechwa kwa mkono mwepesi, ukifunua kutoka chini kuja juu, na utie iliki. Wakati unafanya hayo, sufuria iliyopakwa siagi au samli na kunyunyizwa unga iwe tayari, na kifuniko kiwe kimekwisha kupata moto kikiwa na makaa yake, ili mkate usikae ukingojea. Mimina, funika, na usifunue kwa dakika 20 za mwanzo, kwa sababu hewa ya nje ikiingia kabla mkate haujashika, katikati hubonyea na hapainuki tena. Baada ya hapo inua kifuniko kwa koleo, kikiwa sawa sawa ili jivu lisiingie, na uchome mkate katikati kwa kijiti cha ukuti kilicho safi: kikitoka kikavu, epua.

Mkate wa kumimina unataka subira ya namna nyingine. Loweka vikombe 2 vya mchele usiku kucha, uusage laini kwa kikombe 1 na nusu cha tui zito, utie sukari kiasi cha robo tatu ya kikombe, hamira kijiko 1 cha chai na iliki, kisha uache uumuke mpaka uone vipovu juu. Safari hii anza na moto wa chini peke yake, kwenye sufuria iliyopashwa moto na kupakwa mafuta, mpaka utakapoona ukingo umeshika na vitundu vimetokeza juu. Hapo ndipo unapopalia makaa juu ya kifuniko ili uso wake upate rangi. Ukipalia mapema, uso hufunga kabla mvuke haujatoka na ndani hubaki na ubichi.

Kwa siku za mvua ambazo mkaa haushiki, tumia gesi. Chukua sufuria kubwa, kuukuu na nzito, utie ndani mchanga safi kina cha vidole viwili. Ukiwa ni wa pwani uoshe kwa maji baridi mpaka chumvi yote itoke na uukaushe juani. Funika, upashe moto wa wastani kwa robo saa, kisha weka ndani yake sufuria ndogo au kopo lenye mkate na ufunike tena. Mchanga hulisambaza joto na kulituliza. Uso wa mkate utatoka wa rangi hafifu kuliko ule wa makaa, na ukitaka rangi, weka makaa machache tu kwenye kifuniko dakika za mwisho. Usiongeze gesi mpaka mwisho kwa nia ya kuharakisha, kwa kuwa sufuria ya alumini isiyo na maji ndani hupinda kitako kwa joto kali, na haitafaa tena kwa wali.

Kwa kuwa unakusudia kuuza, weka sufuria moja kwa mikate peke yake. Iliyopikiwa mchuzi wa samaki, hata ikioshwa vipi, huacha harufu ambayo mayai na maziwa huinasa.

Bi Mwandishi, kaka yangu amenunua sufuria ya umeme ambayo inapika wali, inachemsha maharage kwa presha, inakaanga na hata inaoka keki. Anasema tuuze vyombo vyote na tubaki na hiyo. Ni shauri jema?
Msomaji, Jang'ombe, Unguja

Jibu: Sufuria hiyo ni nzuri na sikupingi kuinunua. Nyingi kati yake hutumia wati 700 hadi 1,000, hujizima pale presha inapotosha na kuwaka tena kwa vipindi, na imefungiwa joto ndani, kwa hiyo kwa maharage na nyama ngumu huenda ikakugharimu kidogo kuliko mkaa. Kuuza vyombo vingine ndiko nisikokuafiki.

Wakaazi wa Unguja wanakumbuka kwamba kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 kisiwa kizima kilikosa umeme kwa takriban miezi 3, baada ya hitilafu kwenye njia inayouleta kutoka Tanzania Bara kupitia chini ya bahari. Mwaka 2013 ilizinduliwa njia ya pili yenye uwezo mkubwa zaidi, na hali si ile tena, lakini kukatika kwa saa kadhaa kungalipo, na chungu cha ndani cha sufuria hiyo ya umeme mara nyingi ni chembamba na kimepakwa dawa ya nonstiki, hivyo hakiwezi kutelekwa kwenye gesi wala seredani wakati maharage yamefika nusu. Bakisheni walau sufuria moja nzito na kifuniko chake, pamoja na chuma cha chapati, kwani chapati sufuria hiyo haiziwezi.

Na iwapo kaka anafikiria pia jiko la umeme la induksheni, ambalo hupasha moto chombo chenyewe kwa nguvu za sumaku, basi achukue sumaku ndogo kabla ya kwenda dukani. Aibandike kwenye kitako cha kila chombo mlicho nacho: karai la chuma litaishika na litafanya kazi iwapo kitako chake ni bapa, sufuria za stenlesi nyingine zitaishika na nyingine hazitaishika, na za alumini tupu hazitaishika kabisa, kwa hiyo juu ya jiko la aina hiyo hazitapata moto.